Kobe wa Mawe wa Hiroshima na Wale Walioandikwa "na Wengineo"

Swali: Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanzania na ninasoma katika mkoa wa Hiroshima, Japani. Tulipotembelea Bustani ya Kumbukumbu ya Amani nilimwona kobe mkubwa wa mawe aliyebeba nguzo mgongoni. Mwongoza wageni alituambia kuwa ni ukumbusho wa Wakorea waliouawa na bomu la atomiki, wengi wao wakiwa wafanyakazi walioletwa kwa nguvu, na kwamba zamani jiwe hilo lilikuwa nje ya bustani, ng'ambo ya mto. Naomba kuelezwa Wakorea hao walikuwa wakifanya nini Hiroshima, na kwa nini jiwe lao liliwekwa nje. Pia, ni kweli kwamba urani ya bomu lile ilitoka Kongo?

Jibu: Ndugu msomaji, nashukuru kwa swali lako, nami nitaanza na kobe mwenyewe, kwa sababu wageni wengi humpiga picha wakaenda zao bila kujua alichobeba. Katika desturi ya Korea, mawe ya kumbukumbu ya wafalme na watu wakubwa yaliwekwa juu ya mgongo wa kobe, na kileleni yakachongwa majoka yaliyosokotana. Jiwe la Hiroshima limefuata desturi hiyo hiyo, na lilichongwa Korea kwa mikono ya Wakorea kabla ya kusafirishwa hadi Japani. Lina kimo cha mita tano hivi. Ubavuni mwake pana maneno yanayosema kwamba roho za wafu hupanda mbinguni zikiwa juu ya mgongo wa kobe. Kwa hiyo kobe yule hakuwekwa pale kuwa pambo, bali ndiye chombo chao cha safari.

Sasa rudi mbele ya nguzo, utazame maandishi yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Yameandikwa kwa herufi za Kichina, kwa namna ya waandishi wa zamani wa Korea, na yanasema kwamba huu ni ukumbusho wa Wakorea waliouawa na bomu la atomiki. Kando yake kuna maneno mengine ambayo mimi huyaona kuwa ndiyo kiini cha jiwe lote, yakimtaja Mtukufu Yi U, wa ukoo wa kifalme wa Korea, "na roho nyingine zaidi ya 20,000". Mtu mmoja ametajwa kwa jina na cheo chake, na waliobaki wameingia katika neno tunalolijua vizuri sisi tunaoandika taarifa za misiba na mikutano: na wengineo. Vibarua unaowauliza wamo humo, ndani ya hao wengineo, na ili kuwapata inabidi tutoke kwenye jiwe turudi nyuma miaka 35 kabla ya bomu.

Japani iliitwaa Korea kuwa koloni mwaka 1910. Kati ya mwaka huo na 1918 serikali ya kikoloni iliendesha upimaji na usajili wa ardhi, na wakulima wengi waliokuwa wakilima mashamba ya mababu bila hati za kisasa wakajikuta wapangaji katika ardhi waliyoizoea. Umaskini ulipozidi, watu walivuka bahari kutafuta riziki Japani. Kutoka wilaya moja ya milimani kusini mwa Korea, iitwayo Hapcheon, walitoka wengi kwenda Hiroshima, ndugu akimvuta ndugu na jirani akimwita jirani, kama ilivyokuwa kwa vijiji vyetu vilivyopeleka watu wake katika mji mmoja kizazi baada ya kizazi. Hao walikwenda na wake zao na watoto wao, wakafanya kazi za kutwa za kubeba mizigo, kuchimba barabara, kujenga na kuokota vyuma chakavu. Hata leo Hapcheon huitwa Hiroshima ya Korea, na mwaka 1996 kilifunguliwa huko kituo cha kuwatunzia manusura wa bomu waliozeeka.

Kundi la pili lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1938 Japani ilipitisha sheria ya kukusanya nguvu kazi yote ya taifa kwa ajili ya vita, na kuanzia mwaka 1939 kampuni za migodi na viwanda ziliruhusiwa kwenda Korea kuandikisha wafanyakazi. Mwanzoni iliitwa uandikishaji. Kuanzia mwaka 1942 ofisi za serikali zenyewe zilishika kazi ya kupeleka watu, kila wilaya ikipewa idadi ya kutimiza, na mwezi wa Septemba 1944 ukaja wito wa lazima ambao kuukataa kulikuwa kosa la jinai. Wazee wetu waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakaitwa manamba wangeuelewa mwanzo wa habari hii mara moja, yaani yule wakala anayefika kijijini na maneno matamu, mkataba usiosomeka, na safari ndefu ya kwenda mahali ambapo jina lako halina kazi. Tofauti ni kwamba manamba alisaini, hata kama alidanganywa, lakini kijana wa Korea wa mwaka 1944 aliletewa karatasi ya amri.

Vijana wapatao 2,800 wa namna hiyo walipelekwa katika viwanda viwili vya Mitsubishi vilivyokuwa pembezoni mwa Hiroshima upande wa bahari, kimoja cha mitambo na kingine cha kuunda meli. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na baadhi yao walikuwa wameacha wake wachanga. Waliofika mahakamani miongo kadhaa baadaye walieleza kwamba waliahidiwa nusu ya mshahara wao ungetumwa nyumbani kila mwezi, na waliporudi Korea wakakuta familia zao hazikupata chochote. Walilala wengi katika chumba kimoja cha bweni, wakiwa chini ya ulinzi, na barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa.

Bomu lililipuka tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, mita 600 hivi juu ya katikati ya mji. Hapa ni lazima niseme jambo ambalo waongoza wageni hulipita haraka. Viwanda vya Mitsubishi vilikuwa umbali wa kilomita nne hivi kutoka kwenye kitovu cha mlipuko, na kwa hiyo wengi wa wale vijana 2,800 hawakufa asubuhi ile. Waliumizwa na vioo na mapaa yaliyoanguka, kisha wakaingia mjini kutafuta wenzao na kuzoa maiti, wakivuta hewa na kukanyaga majivu yenye mionzi. Wakorea waliokufa papo hapo walikuwa hasa wale wa kundi la kwanza, vibarua wa kutwa waliokuwa wakiishi na familia zao katika mitaa ya watu wanyonge, pamoja na waliokuwa wamepelekwa kubomoa nyumba mjini ili kuzuia moto usisambae iwapo ndege zingekuja. Kwa hiyo ukisema kwamba jiwe lile ni la wafanyakazi walioletwa kwa nguvu, umesema kweli nusu. Ni la wafanyakazi, naam, lakini walioletwa na karatasi ya amri wamelala humo pamoja na walioletwa na njaa, na hata pamoja na watoto waliozaliwa Hiroshima bila kuiona Korea.

Kati ya vijana wa Mitsubishi kuna kundi ambalo nikilikumbuka huwa nasita kuendelea kuandika. Vita vilikwisha tarehe 15 Agosti, na Wakorea walitaka kwenda nyumbani, lakini hapakuwa na aliyejishughulisha kuwatafutia meli. Zaidi ya 240, baadhi yao wakiwa na jamaa zao, walikodi chombo wenyewe, wakaondoka kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, katikati ya Septemba. Tarehe 17 Septemba tufani kubwa iitwayo Makurazaki iliipiga Japani ya magharibi, na chombo chao hakikufika popote. Mjapani mmoja, Fukagawa Munetoshi, aliyekuwa mwangalizi wao kazini na ndiye aliyewaaga, aligundua miaka mingi baadaye kwamba hawakufika kwao. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatafuta katika visiwa vya njiani, akifukua mifupa ya watu waliozikwa na wavuvi mahali walipotupwa na bahari. Watu hawa walinusurika bomu wakauawa kwa kutelekezwa, na hesabu ya waliouawa na bomu haina safu yao. Kwa maoni yangu kobe yule anawabeba na wao, hata kama maandishi ya jiwe hayawataji.

Nakuja kwenye swali lako la pili, la kwa nini jiwe lilikuwa nje. Lilisimamishwa tarehe 10 Aprili 1970 na tawi la Hiroshima la shirika la Wakorea waishio Japani walio upande wa Korea Kusini, liitwalo Mindan. Liliwekwa ukingo wa magharibi wa mto Honkawa, karibu na daraja, mahali ambapo kutoka bustanini ungeweza kuliona ng'ambo ya maji. Sababu iliyotajwa ya kuchagua mahali pale ni Yi U mwenyewe. Alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Korea aliyelelewa Japani na kufanywa ofisa wa jeshi la Japani, na asubuhi ile alikuwa njiani kwenda kazini. Alikutwa karibu na mahali hapo akiwa ameungua, akavushwa hadi kisiwa cha Ninoshima, akafa kesho yake akiwa na umri wa miaka 32. Maiti yake ilipelekwa Seoul kwa ndege, akazikwa tarehe 15 Agosti, siku ile ile Japani ilipotangaza kusalimu amri. Sitaki kumdharau, maana naye alichukuliwa kwao akiwa mtoto. Hata hivyo linganisha: mwili mmoja ulitafutiwa ndege ndani ya siku chache, na maiti za vibarua zilichomwa kwa mafungu kando ya mto bila kuulizwa walikotoka.

Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ilitolewa na halmashauri ya jiji, ambayo ilikuwa imeamua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba bustani imejaa mawe ya kumbukumbu na hayataongezwa mengine. Uamuzi huo ulihusu watu wote kwa maandishi, lakini angalia ulivyofanya kazi. Shule, ofisi za serikali na mashirika ya Wajapani yaliyowahi mapema yalikuwa tayari yamo ndani, ilhali Wakorea, ambao walichelewa kwa kuwa walikuwa maskini, wamegawanyika na hawana uraia, walikuta mlango umefungwa. Kwa miaka mingi watoto wa shule kutoka pande zote za Japani waliletwa bustanini kujifunza amani, na waalimu wao wakawavusha daraja kuwaonyesha jiwe la Wakorea kama mfano wa ubaguzi unaoendelea hata baada ya kifo. Mwanahabari Hiraoka Takashi, aliyekuwa ameandika sana juu ya manusura wa Korea, alichaguliwa kuwa meya mwaka 1991, na katika wakati wake ndipo kibali cha kulihamisha kilipopatikana. Jiwe liliingia bustanini Julai 1999, baada ya kukaa nje miaka 29.

Lakini nisingependa ubaki na picha ya halmashauri katili upande mmoja na Wakorea wote upande mwingine, kwa sababu ucheleweshaji wa miaka ya 1990 ulisababishwa pia na mgawanyiko wa Korea yenyewe. Jina la "Korea" lililochongwa kwenye jiwe ni lile linalotumiwa na Korea Kusini. Wakorea wa Japani walioegemea Kaskazini walisema kwamba watu waliokufa mwaka 1945 hawakuwa wa Kusini wala wa Kaskazini, maana nchi ilikuwa bado haijakatwa, na wakataka jiwe moja la wote lenye maneno mapya. Jiji nalo lilipenda wapatane kwanza. Hawakupatana, na mwishowe likahamishwa lile lile la zamani kama lilivyo. Mimi naona hoja ya upande wa Kaskazini ilikuwa na haki ndani yake, lakini naona pia kwamba kuwafanya wafu wangoje ng'ambo ya mto mpaka walio hai wapatane kisiasa kulikuwa kuwaonea mara ya pili.

Kuhusu idadi, uwe mwangalifu unapoiandika katika kazi zako za chuo. Jiwe linasema waliokufa ni 20,000, yaani sehemu moja ya kumi ya watu 200,000 ambao jiwe hilo linawahesabu kuwa waliuawa Hiroshima. Chama cha manusura wa Korea kilikadiria mwaka 1972 kuwa Wakorea 50,000 walikumbwa na bomu la Hiroshima, na 30,000 kati yao wakafa. Makadirio ya upande wa jiji ni madogo zaidi sana, ya maelfu machache. Tofauti hizi zina sababu inayoeleweka. Wakorea wengi waliandikishwa kwa majina ya Kijapani waliyolazimishwa kuyachukua kuanzia mwaka 1940, vibarua wa kutwa hawakuwa na orodha, familia nzima zilikufa pamoja zisiachie mtu wa kutoa taarifa, na waliopona walirudi Korea. Kila mwaka tarehe 5 Agosti, siku moja kabla ya maadhimisho makubwa, hufanyika ibada mbele ya jiwe, na daftari la marehemu huongezewa majina yaliyothibitishwa. Mpaka leo majina hayo hayajafika 3,000. Weka 3,000 kando ya 20,000 na utaona neno "wengineo" lina uzito kiasi gani.

Juu ya walionusurika nitasema kwa ufupi. Japani ilikuwa na sheria ya matibabu kwa manusura tangu mwaka 1957, lakini Wakorea waliorudi kwao waliachwa nje. Son Jin-doo, aliyeingia Japani kwa siri mwaka 1970 kutafuta matibabu, alishinda kesi yake katika Mahakama ya Juu mwaka 1978. Hata hivyo waraka wa serikali wa mwaka 1974, unaojulikana kama Waraka Namba 402, ulikuwa umeamua kwamba anayeondoka Japani anapoteza posho, na haukufutwa hadi mwaka 2003. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Japani iliagiza serikali iwalipe fidia wafanyakazi 40 wa Mitsubishi ya Hiroshima kwa sababu ya waraka huo, na tarehe 29 Novemba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliiamuru kampuni yenyewe iwalipe fidia walalamikaji kwa kazi ya kulazimishwa. Wengi wa waliofungua kesi hizo walikuwa wamekwisha kufa. Tarehe 21 Mei 2023 waziri mkuu wa Japani na rais wa Korea Kusini walisimama pamoja mbele ya kobe yule na kuinamisha vichwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Swali lako la tatu lina jibu la wazi: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa kutengeneza mabomu ya atomiki ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulioko Katanga, karibu na mji wa Likasi, ambao wakati ule uliitwa Jadotville. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hadi New York mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likadhamini mgodi ufunguliwe upya ili yachimbwe mengine. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kupita migodi mingine yote iliyojulikana. Walioyachimba na kuyachambua kwa mikono ni Wakongo, katika eneo ambalo Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kambi za wachimbaji, bila kuambiwa ni mawe ya nini wala yana madhara gani. Nakutajia habari hii kwa sababu uliiuliza, na kwa sababu inahusu jambo lile lile la jiwe. Mwanzoni mwa safari ya bomu palikuwa na vibarua wa nchi iliyotawaliwa, na mahali lilipoangukia palikuwa na vibarua wa nchi nyingine iliyotawaliwa, na kote kuwili karani aliandika idadi akaacha majina. Sisi wenyewe tuna Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuwa miguu na mikono ya jeshi, bila jina hata moja la mpagazi.

Ukirudi bustanini, mtafute kobe upande wa magharibi, karibu na mto Honkawa, kisha uvuke daraja usimame ukingo wa pili na kugeuka kulitazama jiwe kutoka huko, upime kwa macho yako umbali uliochukua miaka 29. Pengine utakuta mashada ya korongo wa karatasi yaliyoachwa na wanafunzi, na chini yake chupa za maji. Waliochomwa na bomu walikufa wakiomba maji, na wengi hawakupewa kwa kuwa ilidhaniwa kwamba maji yangewaua upesi. Ukipeleka chupa yako, fungua kifuniko kabla ya kuiweka, kama wafanyavyo wenyeji.